Utani wa Simba na Yanga, na Vikombe Vilivyokosekana

Siku ya Jumapili, tarehe 25 Mei 2025, jioni, nilikuwa natoka kumtazama mgonjwa upande wa pili wa kijiji chetu, nikasikia shangwe kubwa kutoka katika banda la kutazamia mpira. Nikadhani Simba wamepata bao, maana siku ile Simba ya Dar es Salaam ilikuwa ikicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika katika uwanja wa Amaan, Unguja. Nilipokaribia nikaona kwamba wanaoruka na kukumbatiana wamevaa kijani na njano, ndio watu wa Yanga. Bao lilikuwa limefungwa kweli, lakini limefungwa na Berkane, timu ya Moroko, katika dakika za nyongeza, na kwa bao hilo tumaini la mwisho la Simba lilizimika. Kijana mmoja alikuwa amejifunga kichwani kitambaa cha rangi ya machungwa, rangi ya Berkane, mji ambao naamini kabla ya mwezi ule hakujua kama uko duniani.

Watu wa Simba walitoka bandani mmoja mmoja, kimya, wakapita katikati ya wenzao kama wapitao katikati ya siafu. Na mimi sitaficha: nililelewa katika nyumba ya Yanga, na moyo wangu haukuhuzunika jioni ile. Lakini nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijiuliza, mgeni akituona hivi atasemaje? Watu wa nchi moja, lugha moja, pengine tumbo moja, wamefurahi kwa sababu mwenzao ameshindwa na mgeni. Nami kwa kuwa ni mwalimu wa historia, nimeona afadhali niwaeleze wasomaji jambo hili tangu mizizi yake, kadiri nilivyosoma na kadiri nilivyosimuliwa.

Klabu ya Young Africans, ambayo watu wameizoea kwa jina la Yanga, iliundwa mwaka 1935 katika mji wa Dar es Salaam, ilipokuwa nchi ikitawaliwa na Waingereza. Mwaka uliofuata, 1936, iliundwa klabu ya pili. Wazee wa pande zote mbili husimulia kwamba walioianzisha ile ya pili walikuwa wenzao wa ile ya kwanza, wakatengana nao. Klabu hiyo ilibadili majina, hata likadumu jina la Sunderland, na mwaka 1971 ikaitwa Simba. Basi msomaji aone tangu mwanzo kwamba hawa si adui waliotoka mbali wakakutana vitani. Ni watu wa mtaa mmoja wa Kariakoo waliogawana nyumba. Hata leo makao ya Simba yako barabara ya Msimbazi, na ya Yanga yako Jangwani, na mtu atembeaye kwa miguu hatachoka akienda kutoka hapa mpaka pale.

Na wagawanao nyumba hukumbukana kwa makosa. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland mabao 5 kwa 0, na watu wa Yanga wakapata neno la kusema kwa miaka tisa. Tarehe 19 Julai 1977 Simba ikalipa kwa mabao 6 kwa 0, matatu yakiwa ya Abdallah Kibadeni, na kipigo kikubwa kuliko hicho hakijapatikana baina yao hata leo. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na siku ya Mwanza, tarehe 10 Agosti 1974, katika uwanja wa Nyamagana, walipokutana kuamua nani bingwa wa taifa. Simba walitangulia kufunga, wakaanza kuhesabu dakika. Muda ulipokuwa karibu kwisha Gibson Sembuli akasawazisha, na katika muda wa nyongeza Sunday Manara akafunga la pili. Mtu wa Yanga aliye mzee atakusimulia siku hiyo kana kwamba ni jana, na mtu wa Simba aliye mzee atasema ana kazi shambani. (Mtoto wa huyo Sunday Manara, Haji, alikuja kuwa msemaji wa Simba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 1021 baada ya watu kuzoea sauti yake upande ule akahamia Yanga, niseme vizuri, ni mwaka 2021, lakini kwa watu wa Simba ni kama miaka elfu imepita na bado hawajasamehe.)

Walikutana tena katika fainali za klabu za Afrika ya Mashariki na ya Kati. Mwaka 1975, Unguja, Yanga walishinda 2 kwa 0. Mwaka 1992, Unguja vilevile, walitoka 1 kwa 1 na Simba wakashinda kwa mikwaju ya penalti. Hayo yote yalikuwa mambo ya nyumbani. Anayeshindwa huchekwa, kisha msimu wa pili hucheka yeye.

Jambo lililogeuza utani huu kuwa wa namna nyingine lilitokea mwezi wa Novemba 1993. Mwaka wa nyuma yake wakubwa wa mpira wa Afrika walikuwa wameanzisha shindano jipya, Kombe la CAF, na kikombe chake kilitolewa na tajiri wa Nijeria, Moshood Abiola, yule yule aliyeshinda uchaguzi wa urais wa nchi yake mwezi wa Juni 1993 na uchaguzi ukafutwa. Simba waliingia katika shindano hilo, wakazitoa timu za watu moja baada ya moja, hata wakafika fainali. Mwalimu wao alikuwa Abdallah Kibadeni, mtu wa mabao matatu ya 1977. Haijawahi kutokea kabla ya hapo klabu ya Tanzania kufika fainali ya bara zima. Walikwenda Abidjan, nchi ya Kodivaa, kucheza na Stella, wakarudi na 0 kwa 0. Kwa hesabu ya kila mtu kazi iliyobaki ilikuwa ndogo, kwani mchezo wa pili ulikuwa nyumbani, Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao sasa waitwa Uhuru. Simba walishindwa 2 kwa 0. Jina la mfungaji, Boli Zozo, likabaki Tanzania baada ya mwenyewe kurudi kwao, na watu wa Yanga wakalitumia kama watu watumiavyo upupu.

Mimi nilikuwa mtoto mdogo sana wakati ule, wala sikumbuki kitu. Lakini siku hiyo iliingia katika nyumba yetu kwa njia ambayo naijua vizuri, maana nimesimuliwa na baba na nimesimuliwa na baba mdogo, na maneno yao yapatana.

Baba alikuwa mtu wa Yanga, hapa kijijini. Baba mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa akifanya kazi Dar es Salaam, naye ni Simba tangu ujana. Siku ile ya Stella alikuwako uwanjani. Juma lililofuata baba aliketi akaandika barua, akaitia katika bahasha, akaipeleka posta. Barua hiyo nimeishika mkononi, kwa hiyo naweza kuandika maneno yake: “Ndugu yangu mpendwa, pole sana kwa msiba mkubwa uliotupata. Marehemu alikuwa mzima, tukadhani ataishi, kumbe siku zake zimekwisha. Tafadhali tujulishe arobaini itakuwa lini ili tulete mchele.” Kisha chini, baada ya mistari mingine ya namna hiyo, ndipo akaandika: “Aliyemuua ni mtu wa Abidjan, nasikia amekwisha kupanda ndege.”

Barua ilipofika, baba mdogo alikuwa kazini. Aliyeifungua ni mama mdogo. Alisoma mstari wa kwanza, akaona neno msiba, akajua bibi yetu amefariki, kwani bibi alikuwa mzee na alikuwa akiugua. Hakusoma mbele. Alipiga yowe, majirani wakaja, wanawake wakaketi chini, mtu akatumwa bandarini kumwita mume. Baba mdogo alirudi akikimbia, akakuta nyumba imejaa watu wanaolia, naye akalia pamoja nao. Baadaye jirani mmoja aliyekuwa na subira aliiokota barua sakafuni, akaisoma mpaka mwisho.

Hebu msomaji afikiri aibu ya mtu yule mbele ya majirani zake. Krismasi ile hakuja nyumbani, wala ya mwaka uliofuata. Baba alipeleka salamu za kuomba radhi, zisipate jibu.

Nimesema nitaeleza mizizi, basi niache habari ya nyumba yetu kidogo, nieleze utani wenyewe, maana watu wengi siku hizi hulitaja neno hili bila kujua lilikotoka. Zamani za misafara, Wanyamwezi walipokuwa wakichukua mizigo kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, walipita katika nchi za makabila mengine kwa majuma mengi. Mtu akiugua njiani, au akifa, hana ndugu wa kumzika. Ndipo yakawako mapatano baina ya makabila, kwamba mtu wa kabila fulani akifika kwangu ana haki ya kuchukua kuku wangu bila kuulizwa na kunitukana bila kunikosea, na mimi nina haki hiyo hiyo kwake. Tena wako waliopata utani kwa vita. Wahehe na Wangoni, waliopigana vikali kuanzia mwaka 1878, baadaye wakawa watani, wakacheka juu ya mambo ambayo babu zao waliyamwagia damu. Mwingereza mmoja aitwaye Moreau aliandika habari za utani wa Tanganyika mwaka 1944, na wataalamu wengine wameandika baada yake, lakini wazee wetu hawakuhitaji kitabu ili kujua masharti yake.

Na kazi kubwa ya mtani ilikuwa katika msiba. Yeye ndiye aliyekuja kufanya kazi ambazo wenye msiba hawakuziweza kwa uchungu. Alichimba kaburi, alipika, alikata kuni. Katikati ya kazi hizo alimwiga marehemu jinsi alivyotembea, alijilaza kaburini akasema hatoki mpaka apewe fedha, aliwaambia wafiwa kwamba marehemu alikuwa mchoyo na afadhali amekwenda. Waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka. Hakuna aliyekasirika, kwa kuwa mikono ya yule mtani ilikuwa na udongo wa kaburi. Hilo ndilo naomba msomaji alishike, kwamba mtani wa zamani alipata ruhusa ya kucheka kwa sababu alikuwako akifanya kazi.

Watu wa mpira walilichukua jina hilo, wakajiita watani wa jadi. Wakachukua na mambo ya msibani. Timu ikishindwa, wapinzani wake hubeba jeneza la maigizo lililofunikwa kwa jezi yake, huku wengine wakijifanya wanalia. Wakachukua na ada ya kupeana majina. Watu wa Simba waliitwa Mikia, kisha Makolo; watu wa Yanga wakaitwa Yeboyebo, kama vile viatu vya plastiki, kisha Utopolo. Katika majina hayo moja limenipendeza kwa ufundi wake wa lugha. Kati ya mwaka 2019 na 2024 Simba walifika robo fainali za Afrika mara tano, na mara zote wakaishia hapo. Watu wa Yanga wakawaita Mwakarobo, kwa kufuata majina ya ndugu zetu wa Mbeya na Rungwe, kana kwamba robo fainali ni ukoo wao waliozaliwa ndani yake. Nimewaonyesha wanafunzi jina hilo katika somo la uundaji wa maneno, na darasa halikutulia mpaka kengele.

Lakini wakachukua na jambo ambalo mtani wa zamani hakulijua, la kumshangilia mgeni. Timu ya nje ikija kucheza na Simba, watu wa Yanga huvaa rangi zake. Ikija kucheza na Yanga, watu wa Simba hufanya vivyo hivyo. Mwezi wa Machi 2024, Simba walipokuwa wakingoja kucheza na Al Ahly ya Misri, na Yanga wakingoja Mamelodi Sundowns ya Afrika ya Kusini, Waziri wa michezo, Damas Ndumbaro, alisema kwamba atakayevaa jezi ya wageni aje na pasipoti yake. Watu walicheka, na wengine walikasirika. Sidhani kwamba waziri aweza kuliamuru jambo hili likaisha, lakini nadhani aliona kitu cha kweli. Mtani wa zamani alimcheka marehemu, lakini hakwenda kumsaidia muuaji.

Kwa miaka thelathini, basi, watu wa Yanga walikuwa na neno moja ambalo watu wa Simba hawakuwa na jibu lake, yaani 1993. Watu wa Simba wakisema, sisi tulifika fainali ya Afrika, ninyi lini? Watu wa Yanga hujibu, tulifika wapi sisi hatujui, lakini Boli Zozo twamjua. Mwaka jana niliwauliza wanafunzi wangu vita vya Maji Maji vilianza lini. Walionyosha mikono ni watatu. Nikauliza Simba walifungwa na Stella lini, darasa zima likajibu kwa sauti moja, hali hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amezaliwa. Tangu hapo nimeona kwamba hakuna mwandishi wa historia aliye mwangalifu kama mpinzani wako. Kushinda kwako hukumbuki wewe mwenyewe sawasawa. Kushindwa kwako yeye hakusahau hata dakika.

Kisha ukaja mwaka 2023. Lile Kombe la CAF lilikuwa limekwisha kuunganishwa na kombe jingine, na tangu mwaka 2004 huitwa Kombe la Shirikisho. Yanga wakafika fainali yake, wakiwa na mfungaji wao Fiston Mayele na mwalimu wao Nasreddine Nabi. Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa ameahidi fedha kwa kila bao. Tarehe 28 Mei 2023 walicheza na USM Alger ya Aljeria katika uwanja wa Benjamin Mkapa, wenye viti 60,000, wakafungwa 2 kwa 1. Walipokwenda Algiers, tarehe 3 Juni, walishinda 1 kwa 0 kwa penalti ya Djuma Shabani. Jumla ikawa 2 kwa 2, lakini kombe likabaki kwa Waarabu.

Wako wasomaji watakaouliza, imekuwaje? Iko sheria ya bao la ugenini. Timu mbili zikilingana kwa jumla ya mabao, huhesabiwa aliyefunga mengi nje ya kwao. USM Alger walifunga mawili Dar es Salaam, Yanga walifunga moja Algiers. Wazungu wa Ulaya waliiondoa sheria hiyo katika mashindano yao mwaka 2021, lakini Afrika ilikuwa bado inaifuata. Basi watu wa Yanga wakapata la kujitetea: sisi hatukushindwa, tulishindwa na sheria. Nami nilisema maneno hayo mara nyingi, wala siyaonei aibu. Watu wa Simba walijibu kwamba hata mwizi aliyefungwa hushindwa na sheria. Jibu hilo lilinikera kwa sababu ni zuri.

Yako mambo ya siku ile ya 28 Mei ambayo hayana utani. Katika msongamano wa watu waliokuwa wakiingia uwanjani, mtu mmoja alifariki na wengine wengi wakajeruhiwa. Hapa kwetu kelele za watu wa Simba zilikuwa zimeanza tangu filimbi ya mwisho. Habari hiyo ilipofika, zilikoma, na kesho yake hakuna aliyebeba jeneza la maigizo. Mzee mmoja wa Simba, mwenye duka, aliyekuwa amekwisha kununua kitambaa cha kijani kwa kazi hiyo, alikikunja akakirudisha rafuni.

Na sasa nirudi katika nyumba yetu. Bibi alifariki kweli mwaka 1995. Baba alipeleka simu ya maandishi Dar es Salaam, na kwa kuwa kila neno lilikuwa na bei yake, iliandikwa kwa ufupi: msiba nyumbani njoo. Baba mdogo alipoipokea aliitia mfukoni. Alikuwa na hakika ni mchezo ule ule. Siku ya pili mtu wa kijijini kwetu aliyekuwa safarini alimkuta sokoni, akampa pole, ndipo akaamini. Alifika nyumbani mama yake akiwa amekwisha kuzikwa. Wanasema alisimama kaburini, wala hakumsalimu mtu, na baba akapiga magoti mbele yake, mtu mzima, mbele ya watoto. Wazee waliwapatanisha usiku ule, wakala pamoja. Tangu siku hiyo ikawa katika ukoo wetu neno msiba halisemwi kwa habari za mpira. Sisi watoto tulilelewa hivyo, tukidhani kwamba ni ada ya watu wote, na nilipokwenda chuo cha ualimu na kuona wenzangu wakibeba jeneza la karatasi bwenini niliondoka, wala sikuweza kuwaeleza kwa nini.

Lakini walicheka tena. Hilo nalo lazima niliseme, ili msomaji asidhani kwamba ndugu hawa waliishi kwa huzuni. Yanga wakifunga, baba alipiga simu. Simba wakifunga, simu ya baba ilizimwa, ikasemekana kwamba haina chaji. Tarehe 6 Mei 2012, Simba waliposhinda 5 kwa 0, haikuwa na chaji siku nne.

Mwezi wa Juni 2023, siku kadhaa baada ya ule mchezo wa Algiers, dereva wa basi alimletea baba bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua yake mwenyewe ya mwaka 1993, karatasi imekuwa ya manjano na mikunjo imeanza kukatika. Baba mdogo alikuwa ameitunza miaka thelathini. Neno msiba lilikuwa limekatwa kwa wino mpya, na juu yake limeandikwa “kipigo”. Neno marehemu limekatwa, limeandikwa “Yanga”. Mtu wa Abidjan alikuwa amekatwa, ameandikwa mtu wa Algiers. Habari ya mchele iliachwa kama ilivyo. Baba aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi, akacheka mpaka mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Alipokwisha kucheka aliifuta miwani yake kwa muda mrefu.

Baba alifariki mwaka 2024, mwezi wa Septemba. Baba mdogo alikuja mapema, akachimba kaburi pamoja na vijana ijapokuwa umri wake hauruhusu, wala hakukubali kunyang'anywa jembe.

Nimekwisha kueleza mambo ya 25 Mei 2025. Simba walikuwa wamefungwa 2 kwa 0 kule Berkane tarehe 17 Mei, na mabao yote mawili yaliingia katika robo saa ya kwanza. Mchezo wa pili ulihamishwa kutoka uwanja wa Mkapa kwenda Unguja kwa sababu ya hali ya uwanja, jambo lililowauma watu wa Simba. Joshua Mutale alifunga mapema, watu wakaanza kuamini, kisha Yusuf Kagoma akatolewa kwa kadi nyekundu, na mwishoni likaja bao lile la Berkane, likawa 1 kwa 1, na jumla 3 kwa 1. Tangu siku ile kijijini kwetu yamezuka mabishano mapya ambayo sijayasikia mahali pengine katika historia. Hawabishani tena nani alishinda. Wanabishana nani alishindwa vizuri. Watu wa Yanga husema, sisi tulitoka sare kwa jumla na tulishinda kwao. Watu wa Simba husema, sisi tumefika fainali mbili, ninyi moja. Nimewasikia wazee wawili wakilizungumza jambo hili chini ya mwembe wa shule kuanzia saa tisa hata jua kuchwa, na medali za fedha zote mbili ziko Dar es Salaam, wala hawajaziona.

Siku ya Jumatano baada ya mchezo ule simu yangu ililia. Alikuwa baba mdogo. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza habari za mama, za watoto, za mvua. Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, “Mwanangu, mbona barua yangu haijafika?”

Nikamjibu, “Baba, nilidhani kwa mwaka huu tuiache.”

Akasema, “Nani amekuambia tuiache? Nimekwenda kituo cha basi mara mbili.”

Niliikuta ndani ya Biblia ya baba, katika Zaburi. Nafasi ya kuandika ilikuwa imebaki ndogo. Nilikata mtu wa Algiers, nikaandika mtu wa Berkane. Nilikata Yanga, nikaandika Simba. Safari hii niliongeza kilo mbili za mchele, nikampa dereva, nikamwambia asiuchanganye na mizigo ya watu wengine.